Kuni ya Kuomba kwa Firmin

Likasi, Kikula, tarehe 14 mwezi wa tano 2024

Kwa mudogo wangu Bibiane, kule Tshangalele,

Minye Constantin Kitenge, miaka makumi munane na moja, bado nasimama bila fimbo. Nilipita Babeleji, nilipita Katanga ya kujitenga, nilipita Zaïre na pesa yake ya makuta, nilipita treni ya asubui yenye tulikuwa tunajulia saa, nilipita meno yangu karibu yote, na docteur mwenye aliniambia sitafika Noeli. Noeli ilifika, minye nilifika, yeye njo hakufika.

Barua hii naiandika na mukono yangu mwenyewe. Bantu banasema: Papa Constantin, nunua telefone. Telefone ya nini? Kule kwenu mpaka mupande juu ya kichuguu njo musikie sauti, na mukishuka maneno inakatika. Barua haikatike. Ila huyu Urbain mwenye kubeba samaki yako, njo anabeba na barua zetu, na iko na macho ya kupenda mambo ya wengine. Nimefunga bahasha na bukari, ule ugali wetu. Ukiona bukari imepasuka, ujue.

Hapa tuko muzuri. Batoto ba mutoto wetu Blaise banasoma. Clotilde, muke wangu, anakusalimia sana, sana. Hata sasa iko nyuma ya nyumba anapika munkoyo yake, kinywaji ya mahindi, ya kuuzisha, moshi inafika kwa bajirani, bantu banapanga mustari na bidon. Ananiambia: "Usisahau kusalimia wifi yangu." Basi nimesalimia.

Sasa mambo yenyewe. Makala imepanda bei sawa vile ni dawa ya hospitali. Courant ya umeme, nyumba iliungua waya, na fundi mwenye alikuja akaanza kunifundisha nyumba yangu mwenyewe, nikamufukuza. Na munkoyo, unajua, inaomba moto wa kuni, moto ya kweli, tangu asubui. Zamani tulikuwa tunaingia mu pori tu. Leo pori yote ya pembeni iko na benyewe: hapa ferme ya kulima, pale concession ya kampuni, waya, geti, sentineli ya kuchunga. Ya karibu ni ya Firmin. Ule Firmin, mutoto ya camp ya bafanyakazi, mwenye nilimuona na makamasi wakati minye nilikuwa kapita, musimamizi wa bantu, na medali. Amekata miti juu ya kulima mahindi, matawi inalala tu chini, muchwa njo inakula. Bantu banasema: enda kuomba ruhusa. Ruhusa! Minye! Miti ile nani aliinywesha? Ni mvua. Na siye ni ukoo gani? Siye bena Mfula, bantu ba mvua. Basi kuni ile ni yetu, Firmin anaichunga tu.

Lakini minye ni muntu wa akili, sitaki fujo. Nimefikiri hivi: Firmin hakosi ni mwena Bowa, ukoo wa uyoga. Angalia tu kichwa yake, pana hivi, shingo kidogo. Na bena Bowa ni banungwe betu, batani betu, tangu zamani, juu uyoga bila mvua haiote. Nungwe haombwake kitu. Unaingia kwake, unamutukana mbele ya bantu, anacheka, unabeba, unaenda. Njo desturi. Weye ulikomea kwa nkambo, mama ya mama yetu, weye njo unajua koo za bantu. Niandikie tu: mama ya Firmin ni mwena Bowa? Jibu upesi, mbele muchwa imalize kuni.

Yaya yako, kaka yako mukubwa,
Constantin Kitenge, kapita


Tshangalele, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Yaya Constantin,

Salamu mingi. Namushukuru Mungu juu bado unasimama bila fimbo, hata kama Urbain anasema alikuona nayo. Bukari ya bahasha ilifika imepasuka. Anasema ni jua.

Hapa baridi imeingia, samaki inajificha chini. Glodie, mujukuu wetu, ameota meno, anauma kila muntu. Muguu yangu inauma asubui, mangaribi inaniachia.

Salamu ya Clotilde nimeipata. Nilimusomea yeye mwenyewe, hapa kwangu, akigeuza samaki juu ya moshi, juu iko hapa tangu sikukuu ya Ascension, mbele weye uandike. Alisikiliza muzuri mpaka pale pa bantu na mustari na bidon. Pale alikaa chini. Alicheka mpaka samaki moja ikaungua. Akasema: "Mwambie Papa Blaise, kama bajirani banaona moshi, ni kichwa yake njo inawaka."

Yaya, alitueleza yote. Tangu Pasaka anakuambia: enda kwa Firmin, omba ile kuni ya chini. Yeye alienda mwenyewe kwa geti, sentineli akamuuliza: "Mama, bwana yako iko wapi? Mwenye nyumba njo anaombaka." Alirudia mikono mitupu, weye ukamuambia Firmin angekuja kwanza kukusalimia weye. Munkoyo ya mwisho aliipika na kiti yako ya baraza. Ulirudi kutoka kanisa, ukauliza: "Kiti yangu iko wapi?" Akakupa kikombe, akakujibu: "Kunywa."

Kesho yake alifunga kitunga. Anasema atarudia siku weye utaomba na kinywa yako. Haitakuwa mbele ya pale.

Sasa sikia mudogo wako. Minye kuni ya kukausha samaki naitoa kwa shamba ya Mama Rosalie. Kila mwaka, baridi ikikaribia, nabeba samaki, nakaa kwa mulango yake. Ananiuliza muguu, namuuliza macho. Halafu namuambia: "Mama, naomba kuni yenye ilianguka." Anajibu: "Ya kuanguka, beba. Ya kusimama, uniachie." Halafu tunasema mambo ingine. Njo ile tu.

Juu ya ukoo ya Firmin, yaya, acha mambo ya koo. Enda tu kuomba muzuri.

Mudogo wako,
Bibiane


Likasi, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Kwa mudogo wangu Bibiane,

Salamu. Fimbo yenye Urbain aliona ni ya kufukuzia imbwa.

Juu ya Clotilde, nilikuwa najua. Minye njo nilimutuma apige hewa ya ziwa, hewa ya Kikula ni nzito. Asiharakishe. Minye nakula muzuri sana, muhogo mubichi na karanga, ni chakula ya nguvu, banajeshi banakulaka hivi.

Nilikuuliza kama Firmin ni mwena Bowa. Haukuandika apana. Basi nilisoma ndiyo.

Sikia sasa vile yaya yako alifanya. Siku ya Mungu, kisha kanisa, nilivaa koti yangu ya ndoa, nikavaa kravate, nikaweka medali, nikafunga shoka kwa kinga. Unakumbuka ile kinga yangu? Baisikeli ya wakati, hakuna tena ya vile. Nikafika kwa ferme. Sentineli, jina yake Doudou, akaona medali, akafungua geti bila kuuliza. Firmin alikuwa chini ya payoti ya nyasi anakula na bageni: pasta, bibi ya pasta, na kizee moja kwa kona, mwenye kujifunika na blanketi. Nguo ya meza ilikuwa nyeupe.

Nikasimama mbele ya meza, nikaita na sauti ya kapita: "Weye uyoga! Weye kitu ya kuota juu ya mavi ya ngombe! Bila minye mvua ungekuwa wapi? Simama unisalimie, kofia bila kichwa!"

Ni matusi ya kawaida ya banungwe, hata naweza kusema ni ya heshima. Nilingojea acheke. Hakucheka. Nikafikiri labda hajasikia, nikacheka minye kwanza juu ya kumusaidia. Pasta aliweka paja ya kuku chini. Basi nikaongeza moja juu ya mama yake, sawa vile desturi inaomba. Nilisema alioza zamani sawa uyoga wa mwaka jana, ila bamesahau kumutupa.

Pale blanketi ya kona ikafunguka. Kumbe ule kizee njo mama mwenyewe, Mama Berthe. Aliniangalia kutoka viatu mpaka kravate, akauliza: "Huyu ni mutoto ya nani?"

Mutoto! Minye!

Doudou alinisindikiza mpaka geti, akanishika mikono yote miwili nisianguke, juu kule banaheshimia sana bazee. Kinga na shoka bilibakia, bananichungia. Kuni haikutoka siku ile juu ya kukosa kamba tu. Yote mengine ilienda muzuri. Ila bena Bowa ba siku hizi hawajue tena kucheka, ni pesa njo imewakausha.

Ulize Clotilde chumvi anawekaka wapi.

Yaya yako,
Constantin Kitenge, kapita mwenye medali


Tshangalele, tarehe 21 mwezi wa saba 2024

Yaya,

Salamu. Hapa ni baridi, muguu ni ule ule. Chumvi iko ndani ya kopo ya maziwa, nyuma ya mulango, mahali iko tangu mulioana.

Barua nilisoma na sauti. Clotilde alijifunika uso na kitenge tangu kravate mpaka mwisho. Mabega ilikuwa inatikisika, sikujua analia ao anacheka, na minye sikuuliza.

Kaa chini, yaya, njo usome hii.

Firmin si mwena Bowa. Firmin ni mwena Mfula, sawa weye. Mama ya Berthe na mama ya nkambo wetu balitoka tumbo moja, mumoja wa kwanza, mwingine wa mwisho. Basi Berthe na nkambo ni bandugu. Basi Berthe ni nkambo wako. Na mutoto mwanaume ya nkambo wako ni nani kwako? Ni ndugu ya mama yako. Ni muyomba wako, yaya. Ule mwenye makamasi ni muyomba wako. Ulimutukana muyomba wako mbele ya pasta, halafu ukasema nkambo wako ameoza.

Weye baba alikupeleka kwa camp ungali kidogo, ukakomea na kelele ya mashini. Minye nilibakia kwa nkambo, niliyajua haya tangu nina meno ya kwanza. Sasa utauliza: mbona Bibiane hakuniandikia? Juu Clotilde aliniapisha. Unajua mwenyewe, mwipwa anaingiaka kwa muyomba wake bila kuomba, anakamata hata kuku, muyomba ananyamaza. Kuni ile ilikuwa yako tangu Pasaka, kila tawi. Clotilde akaniambia: "Wifi, akijua Firmin ni muyomba wake, hataomba. Ataingia sawa mufalme, atabeba, atarudi kutuhubiria. Minye sitaki kuni. Nataka aombe." Basi nikafunga kinywa. Sikufikiri utaenda na mambo ya uyoga.

Sasa haki yako umeivunja mwenyewe. Utabeba kuku nyeupe kwa Nkambo Berthe. Utakaa chini. Utapiga makofi. Utamwita Firmin muyomba, weye na miaka yako, yeye na yake. Na nikisema kukaa chini, ni chini, si kwa kiti. Kiti kwanza hauna tena.

Mudogo wako,
Bibiane

Clotilde anasema: asibebe medali.


Likasi, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Kwa mudogo wangu,

Salamu. Najua Urbain alirudia kwako bila barua, tena na tena. Nilikuwa na kazi mingi. Kwanza nilifikiri. Halafu nilikasirika, weye na Clotilde mulinifanya sawa samaki ya kugeuza. Halafu nilisikia njaa. Muhogo mubichi, siku hizi hata banajeshi balikatala.

Basi nilienda. Naandika vile ilikuwa, bila kuongeza.

Nilienda na miguu, juu kinga ilikuwa kule. Kuku nyeupe ilikuwa ya kwangu, ya mwisho. Kwa geti Doudou akaniona toka mbali, akaita bantu ba kazi: "Mukuje muone! Papa Uyoga amerudia!" Kumbe njo jina yangu kule. Bote balikuja, hata wenye kulima. Nikawaacha bafurahi, muntu mukubwa anajulikanaka na majina mingi.

Nilikaa chini. Nilikaa na kupenda yangu, Doudou alinisaidia tu kwa magoti. Nikapiga makofi. Firmin alikuwa kwa kiti, kiti muzuri, ya mikono. Ananiangalia.

"Mwipwa."

"Muyomba."

"Uko na miaka ngapi?"

"Makumi munane na moja, muyomba."

"Umeanza kukomaa. Kwenu hawakukufundisha kusalimia?"

Bantu bakacheka, hata kuku ilisikia haya. Nkambo Berthe aliikamata, akaigusa kifua, akasema: "Imekonda sawa mwenye kuileta." Halafu akaniuliza: "Mujukuu, unataka nini?"

Pale, Bibiane, ile neno ilikatala kutoka. Nikakohoa, Doudou akaniletea maji. Nikaanza mbali, sawa vile inafaa: nikamueleza treni ya asubui, na docteur wa Noeli, na vile siku moja mashini ilisimama na bafundi bote balishindwa, minye nikaigusa...

Nkambo akaniambia: "Mujukuu, sikuuliza ulifanya nini. Nimeuliza unataka nini."

Nikasema: "Nkambo, naomba kuni yenye ilianguka."

Akasema: "Nguvu kidogo. Masikio yangu ilioza mwaka jana."

Nikasema tena, na sauti ya kapita. Hata ngombe zilisikia.

Firmin akajibu: "Ya kuanguka, beba. Ya kusimama, uniachie. Na ukifika kwa geti utaita 'Hodi, muyomba', siku zote, hata kama siko." Halafu bakanipa bukari na mboga ya moto. Nilikula juu ya heshima yao, nikaongeza mara moja, nayo juu ya heshima.

Kinga na shoka nimerudishiwa. Tangu pale nabeba, nabeba. Nyuma ya nyumba kuni imefika dirisha. Hakuna mwenye iko na kuni sawa yangu mu Kikula yote, bantu banakuja kuangalia. Mwambie Clotilde kuni iko. Apande na Urbain arudie, abebe na samaki kidogo, ile ya mafuta. Sufuria inamungojea.

Yaya yako,
Constantin Kitenge


Tshangalele, tarehe 22 mwezi wa tisa 2024

Yaya Constantin,

Salamu. Bantu bote bako bazima. Leo naandika kidogo, mawingu inakusanyika upande wa Lufira na samaki iko inje.

Nilimusomea. Pale pa "masikio ilioza" alipiga mikono. Pale ulisema mara ya pili, alisimama. Aliingia ndani, akatoka na kitunga yake, amevaa na viatu. Urbain alikuwa amewasha pikipiki yake. Akaniuliza: "Barua imeisha?"

Nikamuambia imeisha.

"Chini kabisa hakuna kitu? Geuza karatasi."

Nikageuza. Haikuwa na kitu.

Akavua viatu, akarudi kwa samaki.

Yaya, kuni uliiomba mara mbili, na sauti ya kapita. Clotilde umemuita sawa vile banamuitaka kuku mangaribi. Minye sina tena maneno. Mvua ikianza, barabara itaharibika, na Urbain hatapita mpaka ikauke.

Mudogo wako,
Bibiane


Likasi, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Kwa Clotilde, Mama Blaise. Bibiane, musomee. Usirukie hata neno moja.

Clotilde,

Nilianza na miaka yangu na yote yenye nilipita, nikafuta. Haukuniuliza nilifanya nini.

Naomba urudie kwetu.

Naandika tena, juu bamenifundisha kusema mara mbili: naomba urudie.

Fundi wa waya nilimuita, nimemuacha anifundishe nyumba. Bado anafundisha. Jana mvua ya kwanza ilianguka na usiku, nikatoka kufunika kuni na koti ya ndoa, juu sikupata kitu ingine ya kutosha. Medali ilikuwa ndani ya mufuko, nayo imelowana. Haina neno. Hata kuni moja sijawasha. Sijui kuwasha, unajua. Niliikokota tu.

Nimechonga kiti na tawi ya muyomba Firmin, ya kuanguka, haiko ya kusimama. Muguu moja ni fupi. Ni yako, ya kukalia pa moto. Minye nitakaa chini, nimezoea.

Samaki usijisumbue.

Kwamba nasema kweli, bashahidi bako: Nkambo Berthe, mwenye alisikia hata mara ya kwanza. Muyomba Firmin. Doudou wa geti, ukimuuliza Constantin hatajua, umuulize Papa Uyoga. Na kupita bote Urbain, mwenye anasomaka barua zetu mbele yetu. Hii sikuifunga hata na bukari.

Urbain, soma muzuri. Halafu ukimbize, mbele barabara iharibike.

Bwana yako,
Constantin